Gazeti lililokuwa linakufa njaa likazaa Tour de France

UKIPITA kijiweni ukawakuta vijana wanabishana nani alidhulumiwa Ballon d'Or, au ukikesha usiku wa Jumanne kuangalia Ligi ya Mabingwa Ulaya, fahamu kwamba mambo yote mawili yametoka kwenye ukoo mmoja wa magazeti jijini Paris.

Mwaka 1955 michuano ya Klabu Bingwa Ulaya ilianza baada ya kupigiwa debe na Gabriel Hanot, mhariri wa gazeti la michezo la L'Équipe. Mwaka uliofuata gazeti dada, France Football, likatoa Ballon d'Or ya kwanza na Mwingereza Stanley Matthews akaibeba.

L'Équipe lenyewe lilizaliwa 1946, lakini halikuanzia chini. Lilirithi mikoba ya gazeti la L'Auto, lililofungwa 1944 kwa sababu liliendelea kuchapwa wakati Wajerumani wameikalia Ufaransa. Hilo L'Auto ndilo lililoanzia chini kabisa. Lilikaa zaidi ya miaka miwili bila kueleweka, wasomaji wachache, jina linagombewa mahakamani, na wenye fedha zao wameanza kukunja sura.

Yeyote aliyewahi kuanzisha chombo cha habari za michezo, iwe gazeti, kipindi cha redio au ukurasa wa mtandaoni unaoendeshwa kwa simu moja na bando la kuungaunga, atakuta humu mambo anayoyajua.

UGOMVI ULIOLETA GAZETI

Mwishoni mwa karne ya 19 mfalme wa habari za michezo Ufaransa alikuwa Le Vélo. Lilichapwa kwenye karatasi ya kijani, likitoa nakala zipatazo 80,000 kwa siku, chini ya mhariri Pierre Giffard. Baiskeli ndiyo iliyokuwa habari ya mjini wakati huo, na Le Vélo lilikuwa na kila kitu: waandishi, matangazo ya viwanda vya baiskeli, magari na matairi, pamoja na mbio lilizokuwa linaziandaa lenyewe, mojawapo ikiwa Paris–Roubaix iliyoanza 1896 na ambayo mpaka leo bado inakimbiwa.

Kilichomponza Giffard ni siasa. Mwaka 1894 ofisa wa jeshi, Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi, alihukumiwa kwa madai ya kuwauzia Wajerumani siri za nchi. Hakuwa na kosa, na mwaka 1906 jina lake lilisafishwa rasmi. Lakini katikati hapo Ufaransa ilikuwa imegawanyika vipande viwili, ndugu hawasalimiani. Giffard alikuwa upande wa Dreyfus. Mtu aliyekuwa anamlipa fedha nyingi za matangazo, mwenye kiwanda cha magari Jules-Albert de Dion, alikuwa upande wa pili.

Juni 1899, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Auteuil, kasheshe ikazuka na mpinzani mmoja wa Dreyfus akamchapa Rais Émile Loubet fimbo iliyotua kwenye kofia. De Dion alikuwamo kwenye vurumai hiyo. Akala siku 15 jela na faini ya faranga 100. Giffard akamchana gazetini bila kujali nani anamlipia matangazo.

De Dion naye hakulala. Akayaondoa matangazo yake, akawakusanya wenzake wenye viwanda, akiwamo Adolphe Clément wa baiskeli na Édouard Michelin wa matairi, wakaamua kufungua gazeti lao. Nakala ya kwanza ilitoka Oktoba 16, 1900. Wakaliita L'Auto-Vélo na kulichapa kwenye karatasi ya njano ili lisichanganywe na la kijani la Giffard. Kijani na njano, rangi ambazo pale Jangwani zinakaa kwenye jezi moja kwa amani, kule Paris zilikuwa hazipikiki chungu kimoja.

Uhariri walimpa Henri Desgrange, mwanamume wa miaka 35 aliyewahi kuwa karani kwenye ofisi ya wanasheria kabla hajahamia kwenye baiskeli moja kwa moja. Mwaka 1893 ndiye aliyeweka rekodi ya kwanza kutambuliwa ya kuendesha baiskeli kwa saa moja, kilomita 35.325. Tangu 1897 alikuwa anasimamia uwanja wa baiskeli wa Parc des Princes, palepale PSG wanapochezea leo, akiwa na mshirika wake wa mahesabu, Victor Goddet. Kwa kifupi, mchezo aliujua, na watu wa mchezo walimjua.

FEDHA IPO, MSOMAJI HAYUPO

Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa. Wenye mtaji walikuwapo, mhariri mwenye jina alikuwapo, matangazo yalikuwapo tangu siku ya kwanza. Ni watu wachache wanaoanza na neema hiyo. Bado gazeti likagoma kuuza. Miaka miwili baadaye lilikuwa linatoka nakala kama 25,000 hivi, huku Le Vélo likiendelea kupeta.

Tatizo halikuwa uandishi mbovu. Tatizo ni kwamba msomaji wa Paris tayari alikuwa na gazeti lililompa matokeo yaleyale, asubuhi ileile. Aliyezoea kijani hakuwa na sababu ya kuhamia njano. Ni kama siku ya dabi ya Simba na Yanga: kila mwenye simu ana kikosi, ana mabao, ana kadi nyekundu, tena kwa dakika moja. Anayefungua ukurasa mpya akaandika hayohayo, hata akiyaandika vizuri kuliko wote, anaongeza kelele tu sokoni.

Desgrange alijaribu njia ambayo karibu kila mgeni huijaribu, ya kumfuata mkubwa nyuma. Le Vélo lina mbio, basi na sisi tuwe na mbio. Mwaka 1902 gazeti la njano likaandaa Bordeaux–Paris yake, wakati Le Vélo nalo lina Bordeaux–Paris ya kwake. Mwaka mmoja, barabara moja, mbio mbili, magazeti mawili yanavutana mashati. Mauzo hayakusogea kwa maana.

Kisha likaja la jina. Giffard alikuwa amewashitaki kwamba neno Vélo ni lake na wanalitumia kuwachanganya wateja. Januari 1903 mahakama ikampa ushindi. Tangu Januari 16 gazeti likabaki L'Auto, yaani gari. Fikiria gazeti linalotegemea wapenzi wa baiskeli halafu jina lake linatangaza magari. Asiyekuwa na habari angelipita kibandani akidhani ni la matajiri wenye injini.

Bahati ni kwamba hukumu hiyo ilipotoka, dawa ilikuwa tayari jikoni.

CHAKULA CHA MCHANA

Novemba 20, 1902, Desgrange aliitisha kikao cha dharura na vijana wake ofisini. Swali lilikuwa moja tu, tufanye nini tusife. Aliyetoa jibu alikuwa mwandishi wa baiskeli na raga, Géo Lefèvre, kijana wa miaka 25 ambaye Desgrange alimchukua kutoka kwa Giffard mwenyewe. Wakati ule mbio za siku sita ndani ya viwanja vya mbao zilikuwa zinajaza watu kwelikweli. Lefèvre akasema, kwa nini zisiwe mbio za siku kadhaa lakini barabarani, kuizunguka Ufaransa nzima?

Inasimuliwa kwamba baadaye alikiri alilisema kwa sababu alitakiwa aseme chochote. Desgrange hakukubali palepale. Akamchukua kijana wakaenda kula mchana kwenye mgahawa wa karibu, wakaliongea tena, kisha akamwachia Goddet, mshika fedha, aamue. Mshika fedha ndiye mtu ambaye kwa kawaida hukata maini ya waandishi. Goddet akasema twende.

Aliona nini? Hapa ndipo ilipo siri ya mkasa wote. Mbio za siku moja zinauza gazeti la kesho yake na labda la keshokutwa, basi. Mbio za karibu wiki tatu zinauza kila siku, kwa sababu leo hujui mwisho wake. Enzi hizo redio haipo, televisheni haipo. Mtu wa Lyon akishuhudia wanaume waliojaa vumbi wanapita mbele ya mlango wake alfajiri, njia ya kujua nani aliwahi Marseille ni kununua gazeti. Na gazeti lenye taarifa kamili ni lile lililoandaa mbio. Giffard angeweza kuandika kuhusu mbio hizo, lakini kila mstari ungekuwa unamtangazia mpinzani wake.

Kwa hiyo L'Auto liliacha kufukuzia habari za wengine, likatengeneza ya kwake.

WALIJIANDIKISHA 15

Mbio zilitangazwa Januari 19, 1903, siku tatu baada ya gazeti kupoteza nusu ya jina. Mpango wa kwanza ulikuwa kuanza mwishoni mwa Mei na kumaliza Julai 5, kiingilio faranga 20. Kelele za kurasa za mbele zikapigwa. Ikabaki wiki moja, waliojiandikisha ni 15.

Hapa wengi hukunja jamvi. Unatangaza, unajipiga kifua, halafu ukumbi mtupu. Desgrange akafanya hesabu ya mkimbiaji wa kawaida, asiye nyota, na akaona mwenyewe kwa nini hawaji. Nani ataacha kazi zaidi ya mwezi mzima, alipe kiingilio, ajilishe njiani, kwa ndoto ya zawadi ambayo itachukuliwa na wakali wawili watatu? Akasogeza mbio hadi Julai 1 na kuzifupisha ziishe Julai 19. Akakata kiingilio hadi faranga 10. Akaahidi faranga tano kwa siku kwa wakimbiaji 50 wa kwanza, mradi waende kasi ya wastani wa kilomita 20 kwa saa na wasiwe wameshinda zaidi ya faranga 200. Faranga tano ilikuwa kama posho ya siku ya kibarua wa kiwandani. Mshindi wa jumla akawekewa 3,000, na zawadi zote pamoja zikafika 20,000.

Siku ya siku wakasimama wanaume 60 mbele ya mgahawa wa Au Réveil Matin, Montgeron, nje kidogo ya Paris. Wapo waliokuwa wakali wa kazi hiyo. Wapo waliokuwa hawana ajira wanatafuta hizo tano tano. Saa 9:16 alasiri wakaachiwa. Mhariri mwenyewe hakutokea. Inasemekana aliogopa kuonekana jirani na kitu ambacho kingeweza kuanguka na kumzika nacho, kwa hiyo akajichimbia ofisini.

Kazi zote za njiani akabebeshwa Lefèvre. Yeye ndiye mwamuzi, yeye mtunza muda, yeye mwandishi, anaruka kwenye treni na baiskeli yake kuwawahi mbele ya safari. Ofisi ya mtu mmoja, kama zilivyo nyingi zinazoanza. Hatua ya kwanza ilikuwa Paris hadi Lyon, kilomita 467, mwendo unaokaribiana na Dar es Salaam hadi Dodoma, usiku kucha, barabara za vumbi na mawe, baiskeli nzito zisizo na gia za kubadili. Maurice Garin akaikata kwa saa 17 na dakika 45. Aliingia Lyon mnamo saa tatu asubuhi, na hadithi inayosimuliwa ni kwamba treni ya Lefèvre ilikuwa bado haijafika. Mwandishi pekee wa mbio akapitwa na habari yake mwenyewe.

Garin alizaliwa Italia, utotoni alifanya kazi ya kufagia mabomba ya moshi, na kabla ya hapo alikuwa ameshabeba Paris–Roubaix mara mbili. Mpinzani wake mkubwa, Hippolyte Aucouturier, alishikwa na tumbo hatua ya kwanza akaacha. Kanuni zikamruhusu kuendelea na hatua nyingine bila kuhesabiwa kwenye jumla, akashinda mbili zilizofuata. Kwa gazeti hiyo ilikuwa neema tupu, kwani hata aliyekufa alikuwa anafufuka kesho yake na kuuza nakala.

Baada ya hatua sita na kilomita 2,428 walirudi Paris 21 tu. Garin alitumia zaidi ya saa 94, akimwacha wa pili, Lucien Pothier, kwa karibu saa tatu. Wa mwisho, Arsène Millocheau, alikuwa nyuma kwa zaidi ya saa 64, lakini alifika.

L'Auto likatoka nakala 25,000 likaenda 65,000. Toleo maalumu la kufunga mbio lilichapwa nakala 130,000.

WALIPOPENDA KUPITA KIASI

Kuna shida ya kukosa wasomaji, na kuna shida ya kuwapata mpaka wanapandwa na wazimu. Mwaka 1904 Desgrange aliionja ya pili.

Mbio zilikuwa zinapita usiku, gizani, na kila mji ulikuwa na kijana wake. Kwenye mlima wa Col de la République, jirani na Saint-Étienne, mashabiki wapatao 200 wa Antoine Fauré walimwacha mtu wao apite, kisha wakawashukia wenzake, Garin akiwa mmojawapo, kwa fimbo na mawe. Zilihitajika risasi hewani kuwatawanya. Huko Nîmes yakatokea mengine kwa sababu ya kijana wao aliyeondolewa mashindanoni. Misumari ilimwagwa barabarani. Wakimbiaji nao hawakuwa malaika, kwani shutuma za kudandia magari na treni zilikuwa nyingi.

Garin alishinda tena, lakini chama cha baiskeli cha Ufaransa kilifanya uchunguzi wake, na Desemba 2 kikawafuta wote wanne wa juu: Garin, Pothier, César Garin ambaye ni mdogo wake Maurice, na Aucouturier. Ushindi ukamwangukia wa tano, Henri Cornet, aliyekuwa na miaka 19 alipomaliza mbio. Mpaka leo hajatokea bingwa mdogo kuliko yeye. Garin akafungiwa miaka miwili.

Desgrange mwenyewe aliandika kwamba Tour imekwisha, imeuawa na mafanikio yake. Ni kauli ya mtu aliyechoka. Lakini alikuwa ameshakamatika. Gazeti lililotengeneza habari yake haliwezi kuiua habari hiyo likabaki hai, hasa pale wenye viwanda wanaokulipa wameshaona umati ukijipanga barabarani. Mwaka 1905 mbio zikarudi, hatua zikiwa fupi na nyingi zaidi ili watu wasiendeshe gizani, na ushindi ukihesabiwa kwa pointi badala ya muda, kwa sababu pointi ni ngumu kuziiba kwa kupanda treni.

Yaliyofuata wapenzi wa baiskeli wanayajua. Mwaka 1919 kiongozi wa mbio akaanza kuvalishwa jezi ya njano, rangi ya karatasi ya gazeti, na ya kwanza akapewa Eugène Christophe. Mwaka 1933, wakati wa Tour, L'Auto lilifika nakala 854,000 kwa siku. Vita vilipokwisha, Jacques Goddet, mtoto wa yule mshika fedha aliyesema twende, ndiye aliyeanzisha L'Équipe.

Le Vélo lilifungwa Novemba 1904, miezi michache tu baada ya Tour ya pili. Giffard, aliyekuwa ameshinda kesi ya jina na kupoteza kila kitu kingine, hakuacha kuandika. Baadaye Desgrange alimpa kazi, na makala za mzee huyo zikaanza kutoka kwenye karatasi ya njano.